Wazo, Dhana au Kiolezo? Neno la Plato Mbele ya Mizani ya Mlimba

1. Chanzo cha makala haya

Yako maneno ambayo yakifasiriwa vibaya hasara yake huwa ndogo: msomaji hukwama kidogo, akauliza, akaendelea na safari yake. Yako mengine ambayo yakifasiriwa vibaya huligeuza fundisho zima likawa kinyume chake, na msomaji asitambue kwamba amegeuziwa. Neno tunalokusudia kulichambua hapa ni la namna hii ya pili. Ni neno la Kigiriki eidos, pamoja na ndugu yake idea, ambayo Plato wa Athene (takriban 427–347 K.K.) aliyatumia kutaja vile vitu kamili, visivyozaliwa wala kufa, ambavyo kwa maoni yake vitu tunavyoviona kwa macho ni mifano yake iliyopungua.

Haja ya kuliandikia neno hili tuliipata Mlimba, katika bonde la Kilombero. Tulikuwa huko wakati wa mavuno ya mpunga tukikusanya istilahi za wakulima na za mafundi wa reli, na mwalimu mmoja aliyekuwa akisomesha watu wazima jioni akatuonyesha muhtasari wake wa somo la fikra za kale. Ndani yake mlikuwa na sentensi hii: "Plato alifundisha kwamba vitu vya ulimwengu huu ni vivuli, na kwamba haki, uzuri na usawa ni mawazo." Mwalimu hakuitunga sentensi hiyo. Ndiyo namna ambavyo fundisho hili huelezwa mara kwa mara kwa Kiswahili, naye aliipokea kama sisi sote tulivyoipokea.

Darasani mkulima mmoja alinyosha mkono akauliza, "Mwalimu, mawazo ya nani?"

Swali halikuwa la mzaha. Asubuhi ya siku ile ile mkulima huyo alikuwa ameuza mpunga wake kwa gunia la lumbesa, lile linaloshonewa kilemba juu ili lipokee zaidi ya kipimo chake. Alipolalamika kwamba mauzo hayo si ya sawa, mnunuzi alimjibu kwamba usawa ni vile mtu anavyoona. Jioni anakuja kusoma, anaambiwa kwamba mtu mwenye hekima wa Ugiriki naye alisema usawa ni wazo. Alikuwa na haki kamili ya kutaka kujua kama ni wazo la mkulima au la mnunuzi.

Makala haya ni jaribio la kumjibu. Tutayapitia maneno yanayotumika au yanayoweza kutumika mahali pa eidos, tulipime kila moja, kisha tutoe mapendekezo yetu.

2. Maana inayotafutiwa neno

Kabla ya kulihukumu neno hatuna budi kuikumbuka maana. Katika mazungumzo yaitwayo Phaedo, Plato anamwonyesha Socrates akiuliza juu ya usawa. Tunaona vijiti viwili tukasema ni sawa, au mawe mawili tukasema ni sawa. Lakini vijiti hivyo hivyo huweza kumwonekea mtu mmoja kuwa ni sawa na mwenzake akaona si sawa. Usawa wenyewe haumwonekei mtu yeyote kuwa si usawa. Kwa hiyo usawa wenyewe ni kitu kingine mbali na vijiti na mawe, na kila tunaposema kwamba vijiti hivi vimepungukiwa kidogo, tunaonyesha kwamba tumekwisha kukijua kile walichopungukiwa nacho.

Mlimba hapana haja ya kuazima vijiti vya Athene. Madebe mawili ya mpunga yatosha. Moja limepigwapigwa ubavuni ili mpunga ushuke na nafasi iongezeke, la pili limejazwa kwa upole. Mtu asiyejua ataapa kwamba ni sawa. Mkulima huangalia akasema: "Hili limezidi." Limezidi nini? Halikuzidi debe la pili tu, kwa sababu hata madebe yote mawili yangekuwa yamepigwapigwa, bado angesema yote mawili yamezidi. Anayalinganisha na kipimo ambacho hakimo katika debe lolote lililo mbele yake.

Mataifa nayo yamekutana na jambo hili. Kuanzia mwaka 1889 hadi 2019, kilo ya dunia nzima ilikuwa ni kipande cha madini ya platini na iridi kilichotunzwa Sèvres, karibu na Paris. Kwa mujibu wa fasili, kipande hicho hakikuweza kuwa na uzito mwingine ila kilo moja. Hata hivyo kilipolinganishwa na nakala zake baada ya miongo mingi, vilionekana vimeachana kwa takriban mikrogramu 50. Watu wakauliza ni kipi kilichobadilika, kipande au nakala, na swali hilo lenyewe linaonyesha kwamba hawakuwa tayari kuamini kuwa kilo na kile kipande ni kitu kimoja. Mwaka 2019 kipande kiliachwa, na kilo ikafasiliwa kwa namba isiyobadilika ya fizikia ijulikanayo kwa jina la Planck. Hatusemi kwamba wataalamu wa vipimo walimfuata Plato. Twasema tu kwamba tofauti aliyoiona yeye kati ya kitu na kipimo kamili cha kitu ni tofauti ambayo watu wazima na akili zao huigusa sokoni na maabarani, nayo inahitaji neno.

3. Wazo

Neno linalotumika zaidi ni wazo, wingi wake mawazo. Tunalipinga, na sababu zetu ni tatu.

Ya kwanza ni ya lugha. Wazo ni nomino inayotokana na kitenzi kuwaza, na kuwaza hakuwi bila mwenye kuwaza. Hapana wazo lililo peke yake barabarani; lazima liwe wazo langu, lako, au la fulani. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili akisikia "usawa ni wazo," akili yake humtafuta mwenye wazo hilo papo hapo. Mkulima wa Mlimba alifanya kile ambacho sarufi ya lugha yake ilimwelekeza kufanya.

Ya pili ni ya fundisho. Plato mwenyewe aliliona jibu hili akalikataa. Katika mazungumzo yaitwayo Parmenides, Socrates akiwa bado kijana anapendekeza kwamba huenda kila eidos ni wazo tu lililomo katika nafsi. Mzee Parmenides anamwuliza kama wazo hilo ni wazo la kitu kilichopo au kisichopo. Socrates anakiri kwamba ni la kitu kilichopo. Basi, anaambiwa, hicho kitu ndicho tunachokitafuta, na siyo wazo linalokihusu. Mfasiri atumiaye wazo humwekea Plato kinywani jibu ambalo Plato aliliandika ili likataliwe.

Ya tatu ni ya historia. Kosa hili halikuzaliwa katika Kiswahili. Kiingereza na Kifaransa vililichukua neno la Kigiriki karibu kama lilivyo, lakini katika karne ya 17 wanafalsafa kama Descartes na Locke walilitumia kwa maana mpya, yaani kile kilichomo katika akili ya mtu anapofikiri. Maana hiyo mpya ndiyo iliyoenea katika mazungumzo ya kila siku. Mfasiri wetu alipokutana na neno hilo katika vitabu vya Kiingereza alifasiri maana ya Locke, akidhani anafasiri maana ya Plato. Huu ni mfano mzuri wa hatari ya kufasiri kwa kupitia lugha ya kati. Sauti ya neno ilifika salama. Maana ilikuwa imekwisha kubadilishwa njiani miaka mia tatu iliyopita.

Tulipokuwa tukizungumza na mafundi wa reli pale Mlimba tulipata mfano unaolifunga jambo hili. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China, ina urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, na upana wake kati ya chuma na chuma ni milimita 1,067. Hapana mahali popote katika kilometa hizo ambapo vyuma vimeachana kwa milimita 1,067 kamili bila kasoro hata ya unywele, maana jua huvitanua, mvua huilegeza ardhi, na uzito wa mabehewa huvisukuma. Kazi ya fundi ni kuvirudisha karibu na upana ule. Ni kweli kwamba watu ndio waliochagua upana huo badala ya mwingine. Lakini baada ya kuchaguliwa, upana huo haukuwa wazo la msimamizi wa Mlimba wala la mwenzake wa Zambia. Ungekuwa wazo la kila mmoja wao, gari moshi lisingefika.

4. Dhana

Wafasiri walioona udhaifu wa wazo wamekimbilia dhana. Neno hili limekwisha kuzoeleka katika maandishi ya kitaalamu kwa maana ya fikra ya jumla kuhusu jambo, na katika maana hiyo hatuna ugomvi nalo. Twasema "dhana ya maendeleo," "dhana ya ujamaa," na msomaji huelewa.

Lakini mbele ya Plato neno hili ni baya kuliko wazo. Dhana na kudhani ni neno moja, nalo latokana na Kiarabu. Mtu adhaniye hana hakika. Tukisema "mimi nilidhani umekwisha ondoka," twakiri kwamba tulikosea. Tukisema fulani ana dhana mbaya kwa jirani yake, tunamaanisha kwamba anamshuku bila ushahidi. Hata wanafalsafa walioandika kwa Kiarabu walilitumia neno hili kwa rai isiyofikia kiwango cha elimu ya yakini.

Sasa katika kitabu cha Plato kinachojulikana kama Jamhuri, ngazi ya maarifa ina vidaraja vyake, na sehemu ya chini ya ngazi hiyo ni doxa, yaani yale mtu anayoyadhani kwa kuangalia vitu vinavyobadilika. Juu kabisa ni elimu ya vile visivyobadilika. Tukiviita vile vya juu dhana, tunakuwa tumeigeuza ngazi juu chini: kile ambacho Plato alikiona kuwa ndicho pekee kiwezacho kujulikana kwa yakini, sisi tumekipa jina la kile kisichojulikana kwa yakini. Neno dhana katika somo hili lina mahali pake pazuri. Mahali hapo ni doxa, na tunapendekeza lipewe kazi hiyo.

5. Umbo na sura

Yabaki maneno mawili yenye sifa nzuri zaidi. Kwanza tuliondoe njiani neno fomu, ambalo baadhi ya wanafunzi hulitumia kwa kusikia Kiingereza. Mtumishi wa Serikali yeyote akisikia "fomu za Plato" atauliza zinajazwa wapi na zinarudishwa lini. Tuliache.

Sura lina ukoo unaoheshimika. Eidos kwa asili ni "kile kinachoonekana, sura ya kitu," na wafasiri wa Baghdad katika karne ya 9 walioipeleka falsafa ya Wagiriki katika Kiarabu walilitumia neno hilo hilo, sura. Hata hivyo walilitumia hasa kwa Aristotle. Kwa vile vya Plato walitumia neno lenye shina moja na mithali na mithili yetu, yaani kile ambacho vitu vingine vinafananishwa nacho. Waliona kwamba wanafalsafa hawa wawili, ingawa walitumia neno moja la Kigiriki, hawakusema jambo moja. Huu ni uangalifu unaofaa kuigwa. Lakini katika Kiswahili cha leo sura ni uso wa mtu, au ni sehemu ya kitabu. "Sura ya haki" ni maneno ambayo msomaji atayaelewa kama mambo yanavyoonekana kwa nje, nako ndiko Plato alikokuwa akitukataza kuishia.

Umbo lina nguvu zaidi, na wapo waalimu hodari wanaolitetea. Lakini umbo latokana na kuumba. Umbo la chungu ni lile alilolitia mfinyanzi. Umbo la mtu ni lile alilojaliwa na Muumba wake. Linasema juu ya kitu kilichoumbwa, nalo limo ndani ya kitu hicho. Vile vya Plato havikuumbwa na yeyote. Katika Timaeus hata yule mjenzi wa ulimwengu hakuviumba: alivitazama, akaujenga ulimwengu kwa kuvifuata. Tukisema "umbo" tumekifanya kuwa tokeo kile ambacho kwa Plato ni chanzo.

Upungufu huu kwa Plato ndio ufaao kwa Aristotle. Yeye alifundisha kwamba eidos ya kitu haiko mbali, imo ndani ya kitu chenyewe pamoja na kile kitu kilichotengenezewa. Kwake umbo na maada ni jozi iliyokamilika: umbo la kitanda na mti wa kitanda. Neno maada tayari linatumika katika vitabu vya fizikia, nalo ni pacha wa mada, kwa kuwa yote mawili yametoka katika neno moja la Kiarabu. Lugha yetu iliyapa sauti mbili na kazi mbili. Kwa hiyo twashauri umbo libaki kwa Aristotle, na lisiazimwe.

6. Mjukuu aliyekwisha ingia: spishi

Wasomaji wengi hawajui kwamba neno la Plato limekwisha kuingia katika Kiswahili kwa mlango mwingine. Cicero (106–43 K.K.), alipokuwa akitafuta maneno ya Kilatini kwa falsafa ya Wagiriki, aliifasiri eidos kwa maneno mawili, species na forma. Alilalamika kwamba species linakaa vibaya katika baadhi ya minyambuliko ya wingi, na kwa ajili hiyo akapendelea forma. Wanaistilahi watamhurumia, maana ni malalamiko yetu ya kila wiki. Neno alilolilalamikia halikufa. Lilipita mikononi mwa wanasayansi wa viumbe, na kwa kupitia kwao tumelipata spishi, ambalo kwa bahati halitusumbui katika wingi.

Je, tulitumie spishi kwa Plato, maadam ukoo ni mmoja? Jibu liko karibu na Mlimba. Mto Kihansi hushuka kutoka milima ya Udzungwa na kuingia katika bonde la Kilombero, na katika korongo lake paligunduliwa mwaka 1996 chura mdogo wa rangi ya manjano ambaye hatagi mayai bali huzaa watoto wake. Aliishi katika hekta chache tu zilizokuwa zikilowanishwa na manyunyu ya maporomoko, na hakuonekana mahali pengine popote duniani. Maji ya mto yalipoelekezwa kwenye kituo cha umeme cha megawati 180, kilichoanza kazi kati ya 1999 na 2000, manyunyu yalipungua sana. Mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa wakapelekwa Marekani kutunzwa katika bustani za wanyama. Mabomba ya kunyunyiza maji yaliwekwa korongoni, lakini mwaka 2003 idadi ya waliobaki iliporomoka, na ugonjwa wa ukungu ukaonekana miongoni mwao. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba chura huyu ametoweka porini. Kuanzia 2012 wazao wa wale waliochukuliwa walianza kurudishwa Kihansi.

Sasa tuyapime maneno kwa chura huyu. Miaka ile ambayo korongo lilikuwa kimya, hakuna aliyesema kwamba wazo la chura wa Kihansi limetoweka. Mawazo juu yake yalijaa vitabuni. Plato angesema kwamba kile kilicho kamili hakiwezi kutoweka, awepo chura au asiwepo. Mwanabiolojia husema kwamba spishi yenyewe ingeweza kutoweka kabisa na isirudi, kwa sababu spishi si kitu cha milele. Ni ukoo wa wazazi na watoto, na mnyororo ukikatika umekatika. Wale 499 hawakuwa nakala za kitu kilicho salama mahali pengine. Kama wangekufa, palikuwa hapana pa kuanzia.

Basi maneno mawili yaliyotoka katika tumbo moja la Kigiriki yamefikia mahali pa kupingana. Mfasiri akilitumia spishi kwa Plato atakifanya kile kisichokufa kiwe chenye kufa. Afisa wa maliasili naye akiiandikia spishi kana kwamba ni kielelezo cha milele, ataweza kudhani kwamba picha, maelezo na mfano mmoja uliohifadhiwa katika chupa vinatosha, na ripoti yake itapotosha watu wenye kutoa maamuzi. Kilatini kiliyaunganisha mambo haya mawili kwa bahati ya historia. Kiswahili kina nafasi ya kuyatenganisha tangu mwanzo, nasi hatuoni sababu ya kuipoteza nafasi hiyo.

7. Kiolezo, na msaada wa -enyewe

Neno tunalolipendekeza ni kiolezo. Kuoleza ni kukifanya kitu kwa kufuatisha mfano wake. Kiolezo ni kile kinachofuatishwa. Tunaliona bora kwa sababu hizi: halidai awepo mwenye kuwaza, halidai kwamba kimeumbwa, halisemi juu ya mashaka, na zaidi ya yote, linaubeba uhusiano ambao Plato aliusisitiza, kwamba kimoja hufuatwa na vingi hufuata.

Katika Cratylus yumo seremala ambaye chombo cha kufumia kimevunjika mikononi mwake. Socrates anauliza: akitengeneza kingine, je, atakitazama kile kilichovunjika, au atakitazama kile alichokifuata alipotengeneza cha kwanza? Kwenye mto Kilombero fundi wa mitumbwi analijua jibu. Mtumbwi ukipasuka haigi mpasuko. Wala magogo hayafanani, na kila gogo lina fundo lake na kombo lake. Lakini kazi inaongozwa na jinsi mtumbwi upasavyo kuwa ili uelee na usipinduke. Hicho kinachomwongoza hakikuwamo katika gogo, wala hakikupasuka pamoja na mtumbwi.

Wapo watakaouliza kwa nini tusichukue kigezo. Neno hilo ni zuri na maana yake ya asili iko karibu, lakini ofisi zimekwisha kulishika kwa masharti ya uteuzi na tathmini, nasi hatuna sababu ya kulinyang'anya kazi hiyo. Ruwaza nalo lina kazi yake kwa mpangilio unaojirudia.

Pamoja na kiolezo twapendekeza jambo ambalo Kiswahili kinalo bila kuazima. Plato hakuwa mtu wa istilahi ngumu. Mara nyingi hakusema eidos hata kidogo, alisema "zuri lenyewe," "sawa lenyewe." Sisi tunayo mizizi -enyewe na kiambishi cha ngeli ya U-, na tukiviunganisha twapata uzuri wenyewe, usawa wenyewe, haki yenyewe, kitanda chenyewe. Mwalimu anaweza kulifundisha somo zima kwa maneno haya, na kulitaja neno kiolezo mara chache tu anapotaka jina la jumla.

Hapana budi kuonya, hata hivyo, kwamba kiambishi U- kisitumiwe bila kiasi. Ipo hadithi ya kale kwamba Diogenes, yule mwanafalsafa aliyewadhihaki wakubwa, alimsikia Plato akizungumza juu ya umeza na ukikombe, akamwambia kwamba meza anaiona na kikombe anakiona, lakini umeza na ukikombe haoni. Plato akamjibu kwamba ni kweli, kwa kuwa macho ya kuonea meza anayo, na akili ya kuonea umeza hana. Maneno hayo ya Plato yaliwashangaza Wagiriki kama vile umeza unavyomshangaza Mswahili. Tuyaache kwa ajili ya kuisimulia hadithi hiyo.

Kiolezo hakikosi dosari. Mtu anaweza kusema: kiolezo cha fundi nacho ni kitu, kibao kilichokatwa na kutundikwa ukutani. Kama vitanda vyote vinafanana na kiolezo, na kiolezo kinafanana na vitanda, je, hapahitajiki kiolezo cha pili kinachovifananisha vyote? Hoja hii ni ya kweli, lakini si hoja dhidi ya neno letu. Ni hoja ile ile ambayo Parmenides alimtolea Socrates, na Aristotle baadaye akairudia. Tafsiri inayomwezesha msomaji wa Kiswahili kuuona ugumu wa fundisho pale pale Wagiriki walipouona ni tafsiri aminifu. Neno wazo, kinyume chake, humzuia msomaji asiufikie ugumu huo, kwa sababu humpeleka njia nyingine kabisa.

8. Mtego wa neno halisi

Kabla ya kumaliza tutaje mtego mmoja zaidi. Tumezoea kuuita ulimwengu wa mawe, miti na mpunga "ulimwengu halisi," tukiutofautisha na mambo ya fikra. Katika kumweleza Plato matumizi hayo yanageuza maana, kwani kwake kilicho halisi zaidi ni usawa wenyewe, na madebe mawili ni halisi kwa kadiri yanavyoukaribia. Mwandishi akisema "Plato alitofautisha vitu halisi na violezo," amekwisha kutoa hukumu dhidi yake kabla ya kumsikiliza. Twashauri paitwe ulimwengu unaohisika, yaani unaofikiwa kwa macho, masikio na mikono, na ule mwingine uitwe ulimwengu unaofahamika. Msomaji aachiwe mwenyewe kuamua upi ni halisi.

9. Mapendekezo

Kwa kifupi, tunapendekeza yafuatayo:

(a) Eidos na idea za Plato zifasiriwe kiolezo, wingi violezo. Na katika maelezo ya kawaida itumike -enyewe: usawa wenyewe, haki yenyewe.
(b) Eidos ya Aristotle ifasiriwe umbo, ikiwa jozi ya maada.
(c) Wazo libaki kwa kile kilichomo katika akili ya mtu, pamoja na maana aliyoikusudia Locke.
(d) Dhana ikitumika katika kumfasiri Plato iwe kwa doxa tu. Katika taaluma nyingine iendelee na kazi yake ya sasa.
(e) Spishi libaki kwa biolojia.
(f) Neno halisi lisitumike kuutaja ulimwengu unaohisika katika maandishi yanayomhusu Plato.

Hatudai kwamba Plato alikuwa na haki katika kila alilolifundisha. Wengi wamempinga, na mwanafunzi wake mkubwa alikuwa wa kwanza. Kazi ya mwanaistilahi si kumtetea wala kumwangusha, bali ni kuhakikisha kwamba anayepingwa ndiye aliyesema. Sentensi ya muhtasari wa Mlimba ingeweza kuandikwa hivi: "Plato alifundisha kwamba vitu vinavyohisika hufuata violezo visivyobadilika, na kwamba haki, uzuri na usawa ni violezo vya namna hiyo." Mkulima akisikia hivi hatauliza tena ni vya nani. Huenda akauliza viko wapi, na anavijuaje mtu asiyewahi kuviona. Hayo ni maswali ambayo Athene nzima iliyauliza, na mwalimu ana mengi ya kumjibu.

Wala hatapata darasani jibu lile lile alilopewa na mnunuzi wa mpunga. Anaweza kukubaliana na Plato au kumkataa, lakini atakuwa amejua kwamba palikuwa na watu, zamani sana, walioshikilia kwamba gunia la lumbesa haliwi sawa kwa sababu mwenye fedha ameliona kuwa sawa.

Waalimu, wafasiri na watumishi wanaokutana na maneno haya kazini tunawaomba watuletee maoni yao, hasa wale watakaoliona neno bora kuliko kiolezo, ili yafikiriwe kabla mapendekezo haya hayajapelekwa mbele ya kamati ya istilahi.